Kidonge Kimoja, Saa Moja Kabla

Jumatatu, 3 Machi

Shavu la kushoto limekuwa puto. Gego la nyuma, lile lililotoboka, limetangaza vita rasmi. Asubuhi nimetangaza treni ya saa nne huku ulimi ukikwepa jino, na abiria wakaja mpaka mlangoni kuuliza nimesema nini. Miaka sita nimeshika kipaza sauti cha stesheni hii. Sijawahi kuulizwa nimesema nini!

Mkuu wa stesheni ameniita. Amesema niende nikang'oe jino, na ikifika Ijumaa bado naongea kama nimetafuna soksi, kipaza sauti anampa mkata tiketi wa dirisha la pili. Huyo tunamwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake. Sauti gani? Mimi naisikia ya kawaida kabisa.

Nimemweleza mke wangu kwamba simwogopi daktari wa meno, ila nina shughuli nyingi. Amesema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaendelea kushona.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Daktari ni mama mfupi, mpole kupita kiasi. Upole wa namna hiyo unanitia wasiwasi. Nikapewa fomu nipime hofu yangu, kuanzia moja hadi tano. Nikaandika mbili, nisije nikajiaibisha. Mara chumba cha pili mashine ikalia. Nikafuta, nikaandika tisa.

Daktari akanieleza polepole. Sindano ya ganzi kwenye ufizi ni lazima, hiyo ndiyo inayozuia maumivu. Dawa nyingine ni za kutuliza hofu. Kuna gesi ya kuvuta puani: unalegea, ikiisha unapumzika kidogo na kwenda zako peke yako. Kuna kidonge cha kumeza saa moja kabla: unasinziasinzia, na mengi hutayakumbuka. Kuna dawa ya kupitia mshipani. Na kuna nusukaputi, usingizi kamili, lakini hiyo ni hospitali kubwa na foleni ni miezi mitatu. Nikauliza kama naweza kupewa zote nne. Haiwezekani. Nikauliza ipi nzuri. Akasema inategemea mimi. Sasa mimi nitajuaje?

Kisha nikauliza, kama jambo lisilonihusu, mtu akitulizwa hivyo huwa anatoa siri? Akasema wengine huropoka kidogo, si jambo la ajabu.

Si la ajabu! Na mimi siri ninazo mbili. Ya kwanza: miaka sita iliyopita, asubuhi ya usaili wa mtangazaji, nilimwambia Kinanda kwamba usaili umeahirishwa. Hakutokea. Ya pili: koti la kahawia alilonishonea mke wangu, ambalo anadhani liliibiwa, liko kwenye stoo yetu ya mizigo iliyosahauliwa. Nililisahau kwa makusudi. Lina mabega ya mtu mwingine.

Nimeamua: gesi. Hiyo haitaki msindikizaji. Nikiropoka, atasikia daktari tu, naye hamjui mtu.

Jumatano, 5 Machi

Mafua! Pua zote mbili zimeziba. Daktari amesema gesi hupitia puani, nirudi pua zikizibuka. Nikamwambia kwangu mimi mwisho ni Ijumaa. Akasema basi tujaribu ya mshipani. Nesi akaleta sindano ili nione ilivyo ndogo. Nikajikuta sakafuni, nesi ananipepea kwa fomu yangu mwenyewe.

Kimebaki kidonge. Wamenipa kimoja kwenye bahasha, na karatasi ya masharti: ukishameza usiendeshe gari, usifanye kazi, usitie sahihi popote, na uwe na mtu mzima kando yako. Mke wangu hawezi, ana sare za shule thelathini za kumaliza. Mkuu, kwa wema wake, ameniteulia mtu. Kinanda!

Nilitaka kulia. Halafu nikapata akili. Miadi ni kesho saa kumi. Kinanda atanifuata saa tisa na nusu. Mimi nitameza saa tisa kamili, nimejifungia chumba cha matangazo peke yangu. Mlango mzito, kuta zimefunikwa sponji, ukipiga kelele humo hasikii hata aliyeko kwenye korido. Kama kuna siri za kutoka, zitoke humo humo ziishe. Kinanda atakuta gunia tupu.

Wakati mwingine nashangaa kwa nini mkuu si mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa 9:00. Nimemeza. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Saa 9:10. Hakuna kitu. Dawa dhaifu.

Saa 9:15. Kiti hiki kizuri sana. Miaka sita nimekikalia bila kukishukuru.

Saa 9:20. Treni ya kaskazini inaingia. Nitaitangaza hiyo moja tu. Masharti yanakataza kazi, lakini mimi natangaza nimekaa, si kazi hiyo. Nimewasha. Kile kitaa chekundu kinaniangalia kwa huruma. Nawapenda watu wote, hata

Ijumaa, 7 Machi

Jino halipo. Shimo lipo. Katikati hapo sikumbuki chochote.

Sauti imerudi safi! Lakini kuna jambo nisilolielewa. Nimeamka nikakuta koti la kahawia juu ya kiti. Mke wangu amesema nilivae. Limetoka wapi? Kazini, mfagiaji amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniambia nimejikaza kiume. Mama mmoja wa jukwaa la pili alifuta machozi aliponiona. Kinanda akaniamkia kwa heshima zote, ingawa mimi na yeye ni rika moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni yule daktari! Nimempigia simu kumshutumu kwamba ametoa siri zangu. Amesema kliniki nilifika kimya kabisa, sikutamka neno mpaka natoka, kama mtu aliyekwisha kusema yote. Sasa nani?

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu ameniita. Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi. Dakika ishirini na mbili! Treni ya kaskazini ilichelewa kuondoka kwa sababu abiria walikataa kupanda kabla sijamaliza. Habari ya usaili waliisikia wote. Habari ya koti pia, mpaka ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha kushonea cha mke wangu. Inasemekana mabega niliyaeleza kwa kirefu.

Nilitegemea kufukuzwa. Mkuu amesema haki itendeke: usaili urudiwe keshokutwa, Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi na Kinanda, na atakayeshinda ndiye mwenye kipaza sauti. Bila kipaza sauti, mimi ni nani? Mtu mwenye shimo mdomoni.

Nikaenda moja kwa moja dirisha la pili. Nikamwambia Kinanda kwamba usaili ni Jumanne. Akatabasamu, akashukuru sana. Kisha akaninong'oneza kwamba ametoka kwa mkuu sasa hivi, usaili umerudishwa nyuma, ni kesho Jumapili, saa mbili hiyo hiyo. Nikajifanya nilikuwa nimechanganya siku. Maskini, hajui kufunga mdomo!

Jumapili, 9 Machi

Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa mkuu, nimevaa koti, koo safi. Ofisi imefungwa. Mkuu hakutokea, na Kinanda, kama nilivyotabiri, hakuthubutu kuonyesha uso. Nimengoja mpaka saa nne, kisha nikatangaza treni zote saba mbele ya mlango, kwa sauti kamili. Mfagiaji amepiga makofi, kwa hiyo shahidi ninaye.

Nimeshinda bila kupingwa. Nimemwambia mke wangu kesho asiniamshe kabla ya saa tano, nimechoka na ninastahili kupumzika.