Raundi ya Mizinga

Mtu wa kwanza duniani kupima nyuki homa alitokea Mpanda, na jina lake ni Daktari Salvator!

Ilikuwa miaka ya tisini. Kustaafu kulikuwa karibu kubisha hodi mlangoni, lakini Salvator alisema hangoji. Amechoka! Akinawa ale ugali, anaitwa. Akijipaka sabuni, anaitwa. Hata kanisani, amepiga magoti na macho amefumba, mtu anamgusa bega: "Daktari, samahani, nina jipu mahali pabaya."

Siku ya kuaga alisimama juu ya benchi la wagonjwa pale kituo cha afya, kifua mbele, kama mkuu wa mkoa anayefungua daraja.

"Nakwenda Mwamkulu kufuga nyuki!" alitangaza. "Nyuki hakohoi! Nyuki haharishi! Yeye afanye kazi, mimi nilale!"

"Na mguu wangu, Daktari?" akauliza Mwandu, mfugaji aliyekuwa kwenye foleni tangu alfajiri.

"Mwonyeshe atakayekuja! Mimi mkiniona hapa tena, nipeni ufagio nifagie kituo kizima!"

"Amina," akasema nesi Emerensiana, taratibu.

Mizinga ikatundikwa mitini, nyuki wakahamia. Ikabaki kazi moja tu, kulala. Kumbe hiyo ndiyo kazi Salvator aliyokuwa haijui! Kulipopambazuka mwili ulinyanyuka wenyewe. Akavaa koti jeupe, akabeba ngazi.

"Baba Jeannine, wapi tena?" mkewe Romana aliita kutoka jikoni.

"Raundi."

"Raundi ya nini? Nyuki huachwa mpaka wakati wa kurina asali!"

"Mama Jeannine, mgonjwa asipoangaliwa asubuhi..."

"Mgonjwa nani?"

Salvator alikuwa ameshafika mtini. Alipanda, akafunua mzinga, akachungulia, akaguna. Akahamia wa pili, akatikisa kichwa kwa huzuni. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa! Nyuki walimvumilia kama wagonjwa wanavyowavumilia madaktari, mpaka asubuhi aliyochomeka kipimajoto.

Mzinga ulinguruma kama lori la tumbaku kwenye mlima. Salvator alishuka, ngazi hakuihitaji. Alikatiza shamba la mpunga koti likipepea, na nyuki nyuma yake kama msafara wa waziri. Mkewe alimkuta ndani ya mfereji, uso umeumuka kama maandazi.

"Panda baiskeli, twende kituoni."

"Kule siendi! Nilishaapa!"

"Haya, kufa."

Salvator alijaribu kumeza mate. Koo lilishaanza kuziba.

"Twende, mama."

Walipofika macho yalikuwa yamefumba kabisa. "Nesi!" alikoroma. "Mimi Daktari Salvator! Niingize haraka!"

"Daktari Salvator yuko Mwamkulu, amelala," alijibu Emerensiana. "Keti kwenye foleni, baba. Daktari anakunywa chai."

Maneno hayo Salvator aliyajua sana. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Emerensiana alimwacha ayatafune kidogo, kisha akamwingiza ndani, akamchoma sindano. Koo likafunguka, halafu jicho moja. Kitu cha kwanza lile jicho kuona kilikuwa ufagio mkononi mwa Emerensiana.

Alikuwa amefagia nusu ya veranda alipofika kwenye benchi la foleni.

"Shikamoo, Daktari!" alisema Mwandu. "Umerudi kazini?"

"Hapana," alijibu Salvator kwa midomo minene. "Niko mapumzikoni."

"Basi pumzika na hapa," alisema Mwandu, akainua mguu wake mbovu ili ufagio upite chini yake.