Ukaguzi wa Ngome Isiyokuwepo

Ninayo furaha kubwa kuwatangazia wakazi wote wa Kware, pamoja na majirani wetu wa Pipeline ambao hupenda sana kujua mambo yetu, kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayekuwa shujaa wa farasi bila kibali. Tangazo hili limetolewa na Idara ya Shughuli za Kukaa. Mimi nalisoma kama mjumbe halali wa Kamati yake ya Mashujaa, Farasi na Majoka. Niliteuliwa kwa sababu nilikuwepo.

Kwa wasioijua, idara hii ni muhimu. Wakubwa waligundua kwamba wananchi hukaa. Wanakaa kwenye ngazi, wanakaa juu ya mitungi wakingoja maji, wanakaa nje ya duka wakizungumza na mwenye duka, na hakuna mtu aliyekuwa akiliratibu jambo hilo. Sasa linaratibiwa. Mkuu wetu hapa Kware ni Bwana Patrobas, kijana nadhifu ambaye hupangusa viatu kwa kitambaa kila akiruka maji machafu ya barabarani. Ofisini kwake hakuna kiti cha mwananchi hata kimoja. Watu walidhani ni madharau. La hasha. Alitueleza vizuri kwamba mwananchi akikaa anakuwa shughuli, na idara haiwezi kumhudumia mtu na kumratibu kwa wakati mmoja.

Habari ya mashujaa ilianza na mjukuu wangu Mideva. Kila Jumamosi, watu wa viwandani wakitoka zamu ya asubuhi, yeye na wenzake hukutana katika ukumbi mdogo wa mtaa na kuketi kuzunguka meza. Mideva husimulia mambo ya zamani ya nchi za mbali: ngome za mawe, mfalme, na mashujaa waliovaa chuma wakaapa kumlinda mnyonge. Kila aliyeketi ana shujaa wake. Mideva akisema, "Joka limelala darajani, unafanya nini?" unajibu, kisha unarusha dadu, nazo dadu ndizo huamua kama umeweza. Mchezo ni huo tu. Hauna ubao wala pesa. Dadu zenyewe zilichongwa na Ayuma, yule wa kiwanda cha plastiki, kutoka kwa patipati kuukuu, ndara za mpira, ili zisipige kelele, kwa maana mtoto wa Zaitun, mchezaji mwenzao, hulala pale kwenye benchi. Hakumwambia mtu sababu. Niliona tu.

Mimi, bibi wanayemwita Shosho, huwapelekea chai. Nikisema ukweli, naenda kwa ajili ya Ubaid.

Ubaid ni fundi wa pasi na majiko. Zamani ukimpelekea pasi ulirudi na habari za mtaa mzima. Kisha kibanda chake kikabomolewa barabara ilipopanuliwa, akaanza kufuata barua ya kumruhusu kufungua kingine. Barua hiyo hutolewa na idara yetu, kwa kuwa fundi hufanya kazi akiwa kwenye kigoda. Kila Jumanne alienda, na kila Jumanne aliambiwa arudi Jumanne. Alisimama pale mpaka maneno yakamwishia. Akabaki na "salama" na "asante". Lakini kwenye meza ya Mideva yeye ni Mlinzi wa Lango la Kaskazini, na Mlinzi huyo huzungumza. Neno likimkwama, wenzake wote hunyamaza kumngoja, na Ayuma hujifanya anatafuta dadu chini ya meza ili mtu asimtazame Ubaid usoni. Ukumbi ule ukifungwa, sijui angezungumzia wapi.

Na karibu ufungwe. Ofisi ilipata taarifa kwamba Kware kuna mfalme ambaye hajatangazwa rasmi, na kwamba kuna farasi wanaolazwa ghorofa ya sita. Kamati ikaitwa. Tulikutana tukiwa tumesimama.

"Farasi ni wangapi?" Bwana Patrobas aliuliza.

"Kila shujaa ana wake," alijibu Wavinya, karani wake.

"Wamechanjwa?"

"Bwana, ni wa hadithi."

"Sijauliza ni wa nani. Nimeuliza kama wamechanjwa."

Hakuna aliyejua. Basi kamati ikaazimia, kwa moyo wa ushirikishi wa umma, kwamba ukumbi ufungwe Jumamosi na ugeuzwe stoo ya mabango ya idara, yale yaliyoandikwa "Usikae Hapa". Mabango hayo yamelowa sana, na ni haki yapate mahali pakavu. Nilitaka kusema jambo, lakini ajenda ilikuwa imekwisha.

Jumamosi Bwana Patrobas alikuja na kufuli jipya, Wavinya nyuma yake.

"Niaje, mheshimiwa," Ayuma alisema. "Karibu chai."

"Sikuja kunywa chai," alisema Bwana Patrobas, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Kijana huyo amelelewa.

Alisoma amri yote mpaka mwisho. Zaitun alimchukua mtoto wake kwenye benchi. Ubaid alikuwa katikati ya maneno. Nikaona mdomo wake ukishuka polepole kama mabati ya duka jioni.

Nikauliza, "Mwanangu Patrobas, naomba kujua, kama mjumbe. Taarifa ya ukaguzi inasemaje?"

Bwana Patrobas alimtazama Wavinya. Wavinya hasomi mwongozo wa idara nusu nusu. Alisema, "Mahali hapafungwi kabla ukaguzi haujakamilika, bwana. Hadi hapo pabaki wazi, na shughuli iendelee ili ikaguliwe."

"Basi tunakagua," alisema Bwana Patrobas, akaweka kufuli mezani. "Ngome iko wapi?"

Mideva alimwonyesha ngome aliyoichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

"Hii ni karatasi. Mimi nakagua ndani."

"Ndani mtu huingia kwa kucheza, mheshimiwa."

"Nitaingia kwa njia yoyote ambayo sheria inaruhusu."

"Sawa," alisema Mideva. "Umefika Lango la Kaskazini. Kunanyesha. Lango limefungwa. Unafanya nini?"

"Nasema mimi ni serikali."

"Rusha dadu."

Alirusha. Zikaanguka bila sauti, moja na moja. Kwenye mchezo huu hakuna matokeo mabaya kuliko hayo.

"Serikali imesikika," alisema Mideva. "Mlinzi wa Lango anakujibu."

Ayuma akaenda chini ya meza. Ubaid aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo, akamtazama Bwana Patrobas kama mtu anayetazama ukuta ulio nyuma yake. Mtazamo huo tunaufahamu sote.

"Nakala ya kitambulisho unayo?" aliuliza.

"Ninacho kitambulisho chenyewe."

"Tunataka nakala."

"Nitaitoa wapi?"

"Kuna mahali hapo nje. Lakini stima imepotea."

"Stima? Si hii ngome ni ya zamani kabla ya stima?"

"Ndiyo maana haijarudi."

Zaitun aliziba mdomo kwa leso. Bwana Patrobas alivuta tai yake. "Niitie mkubwa wako."

"Ametoka kidogo."

"Atarudi saa ngapi?"

"Wewe rudi Jumanne," alisema Ubaid. Hata sauti ilikuwa ileile, ya upole na ya mtu anayefikiria chakula cha mchana.

Wavinya aliandika: ukaguzi unaendelea. Kufuli lilirudi mfukoni. Mtu mwingine angekasirika asirudi tena, lakini Bwana Patrobas ni mtu wa taratibu. Aliambiwa Jumanne, akaja Jumanne. Ilibidi ukumbi ufunguliwe siku hiyo pia, kwa hiyo sasa tunacheza mara mbili kwa juma, kwa amri. Ofisini alibandika karatasi: "Nimetoka kidogo."

Alileta nakala. Akaambiwa nakala ni ya upande mmoja. Akaleta ya pande mbili. Akaambiwa huu ni mstari wa wanaokuja na farasi, na wa wanaotembea uko upande wa kusini.

"Lakini mimi ni yule wa juzi!" alisema.

"Juzi alikuwa mlinzi mwingine."

"Ulikuwa wewe, Ubaid! Nimekuona kwa macho yangu!"

"Huyo tunafanana," alisema Ubaid. "Watu wengi hutulalamikia."

Maneno yake yalikuwa yanarudi, mengi kuliko yaliyoondoka. Alianza kumweleza mgeni wake langoni historia ya ngome, tabia za mfalme, na namna joka lilivyomeza mpishi likaomba chumvi. Bwana Patrobas alisikiliza, maana hakuwa na pa kwenda. Na kwa kuwa Mideva husema kila mara kwamba kunanyesha, alianza kuja na mwavuli, akawa anasimama chini yake katikati ya ukumbi. Hakuna aliyemcheka mbele yake. Ayuma alimshikia mwavuli huo alipotaka kufunga kamba za viatu.

Siku moja alijaribu njia nyingine. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Sikia, fundi. Nikikupa ile barua yako, si utanifungulia tu?"

Ubaid alishtuka kwa dhati. "Bwana, hiyo ni hongo. Mlinzi ameapa mbele ya mfalme."

"Mfalme gani? Hayupo!"

"Ndiyo, ametoka kidogo."

Bwana Patrobas aliona haya, na kuona haya ni jambo jema kwa kijana. Kesho yake Wavinya aliipiga barua ya Ubaid muhuri bila kuambiwa na mtu, akaipandisha mwenyewe hadi nyumbani kwa fundi, ghorofa ya sita, akiwa na kifua chake cha pumu. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kamati.

Sasa nije kwenye kiti. Tulikuwa tukifuata mwongozo wa idara, kwa hiyo aliyeko langoni alingoja akiwa amesimama. Nikaona anainua mguu huu, kisha ule. Viatu vilikuwa vipya, vinabana. Nikamwambia Ubaid, "Mlinzi, mimi kama mjumbe naomba huyu mtu apewe kiti."

Ubaid alivitazama viatu vile. Angekataa nisingemlaumu. Mimi nilimwona Jumanne zile zote akiegemea ukuta wa ofisi, mguu huu, kisha ule.

"Mpe, Shosho," alisema. "Mtu akingoja, si lazima pia aumie."

Basi Bwana Patrobas akakaa. Lakini kwa kuwa alikuwa amekaa, alikuwa amekuwa shughuli, na Wavinya alilazimika kumsajili. Alihitaji kibali cha kukaa. Kibali hicho hutolewa ofisini kwake, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa sababu mwenyewe alikuwa kwetu.

Juma lililofuata nilipita ofisini nikakuta benchi la wananchi, refu, la mbao nzuri. Halikutangazwa. Nililikalia kidogo ili lisijione limewekwa bure.

Juzi ndipo alipofika Mkurugenzi Mutie kutoka makao makuu. Gari lake lilishindwa kuingia Kware kwa upana wake, akaja kwa miguu, na maji machafu yakamfikia kwenye soksi. Alikuwa amesikia kwamba ofisi inafungwa kila Jumanne na kwamba mahali fulani pamewekwa benchi. Aliingia ukumbini bila kubisha.

"Patrobas! Ni nini hiki?"

"Ni ukaguzi, mheshimiwa," alijibu Bwana Patrobas kutoka chini ya mwavuli.

"Ukaguzi wa nini?"

"Ngome."

"Na umeona nini huko ndani?"

"Sijafika ndani, mheshimiwa. Lakini faili yangu inasonga. Nimeambiwa imeonekana."

Mkurugenzi alipandwa na hasira. "Miezi yote hii? Toka hapo! Nitaingia mwenyewe, sasa hivi, niandike taarifa, na mahali hapa pafungwe leo."

Nilimtazama Ubaid, lakini Ubaid hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Bwana Patrobas alikuwa amesimama kati ya Mkurugenzi na meza, mwavuli mkononi, kijana nadhifu.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani sana. Laini inaanzia nyuma yangu."

"Unasemaje?"

"Sisi wengine tumengoja tangu mvua ianze."

"Patrobas! Wewe unajua mimi ni nani?"

Mideva alinyoosha mkono, dadu za patipati kwenye kiganja. "Karibu, mheshimiwa. Rusha tujue."

Akarusha. Moja na moja. Na kutoka upande wa pili wa meza, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, Ubaid akauliza, "Nakala ya kitambulisho unayo?"

Mimi nilienda kuleta kiti cha pili.

Kwa hiyo narudia tangazo. Hakuna mtu atakayekuwa shujaa wa farasi bila kibali. Vibali vitatolewa mara tu ukaguzi utakapokamilika, na ukumbi utabaki wazi hadi hapo. Wakubwa wote wawili wako langoni na wanaendelea vizuri. Tunatarajia kumaliza Jumanne. Mwenye swali aje atuulize, viti vipo.