Ukoo wa Ng'ombe na Seva Niliyoing'oa

Jumatatu, 10 Machi 2025

Seva ya data imeharibika. Ndiyo inayotunza ukoo wa kila ng'ombe wa ushirika wetu wa maziwa hapa Makutano: huyu kazaliwa na fahali gani. Inawaka, inazima. Meneja Jedidah kasema nisiiguse, fundi Kathambi aje Alhamisi. Kathambi! Kwani mimi niliajiriwa kupika chai? Cheo cha mkuu wa kompyuta ni changu. Nitaitengeneza kabla hajaja.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma mtandaoni: dawa ni kuiondoa programu ya seva kabisa, kisha kuiweka upya. Mimi si mjinga, kwanza nilifanya nakala ya data. Nikaificha ndani ya folda ya seva yenyewe, Kathambi asiione. Nilipoiondoa, Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ikauliza kama ifute na data yote. Nikajibu ndiyo. Kazi nusunusu siipendi.

Seva mpya imewaka mara moja. Safi! Na tupu. Nakala nayo imekwenda na folda. Ee Mungu wangu, ng'ombe wote hawana baba!

Jumatano, 12 Machi

Sijalala. Mzee Salesio kaja asubuhi. Mtamba wake, Makena, amepata joto, na daktari wa mbegu yuko njiani. Akauliza babake ni fahali gani, maana hata ng'ombe hawaoani ukoo mmoja. Ningesema sijui? Mbele ya Jedidah? Nikatazama skrini tupu, nikakuna kidevu, nikamwambia atumie mbegu ya fahali Jemadari bila wasiwasi. Akanibariki, akaniachia ndizi.

Alhamisi, 13 Machi

Kathambi kaja na nakala yake kwenye flashi. Data ikarudi kabla chai haijapoa. Jedidah akamtafuta Makena kwanza. Baba: Jemadari.

Nimekwisha. Mzee Salesio kapigiwa simu, mbegu imeshapandikizwa; alisikika tangu getini: "Kiunga! Umemwoza msichana wangu kwa babake!" Wafugaji wote wakageuka. Sasa Kathambi ndiye mkuu wa kompyuta. Mimi ni wa kuosha mitungi ya maziwa. Nimelia nyuma ya stoo.

Ijumaa, 14 Machi

Mitungi inanuka. Kathambi kaenda kwao Kanja, kaacha flashi mezani. Nimechungulia seva yake: inachelewa kufunguka! Nitaiondoa kabisa, niiweke upya, Jumatatu wanikute shujaa. Safari hii sibahatishi. Nimefanya nakala mbili, na ile ya Kathambi nimeihamisha kutoka kwenye flashi. Zote tatu ziko ndani ya folda ya seva, zitunzane.