Saa ya Ukutani na Chumba cha Uani

Jumatatu, tarehe 3

Dada kanipa amri, chai hakunipa. Binti yake Chiriku, miaka sita na mdomo wa watu kumi, Ijumaa ana jaribio la kusoma saa ya mishale. Nimfundishe. Akifaulu, nabaki na chumba cha uani. Akifeli, chumba anapewa jirani, Mwalimu Mstaafu, anayekitaka kwa twisheni. Eti miezi minane ya kula na kulala inatosha. Minane! Nilidhani sita.

Nimeanza jioni hii hii, kwa saa ya ukutani ya sebuleni. Mshale mfupi kwenye saba, nikamwambia hiyo ni saa moja. Akauliza kwa nini saba iitwe moja. Nikasema ndivyo ilivyo. Akauliza, na ukiwa kwenye moja je? Saa saba. Akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni, akaenda zake kucheza.

Jumanne, tarehe 4

Mwalimu Mstaafu kachungulia juu ya ukuta, kajitolea kusaidia. Bure! Nikamchekea jino pembe.

Nimegundua tatizo. Si mtoto, ni saa. Moja ingekaa ilipo saba, kazi imekwisha. Basi nimeitundika kichwa chini. Nikarudi nyuma, mikono kiunoni, nitazame matunda ya akili. Lahaula! Mshale bado uko kwenye saba. Umegeuka pamoja na namba zake. Chiriku kacheka mpaka kwikwi. Shemeji, kinyozi, mtu wa maneno machache, kauliza kama nimelewa.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata! Nimesogeza mishale masaa sita mbele. Saa moja, mshale kwenye moja. Saa mbili, kwenye mbili. Kumbe ni rahisi hivi! Chiriku kasoma zote bila kukosea. Nimemtangazia Mwalimu Mstaafu kwamba miaka yake thelathini ya chaki ilipotea bure. Kaendelea kumwagilia maua.

Alhamisi, tarehe 6

Nilisahau kumwambia Shemeji. Kaamka saa moja asubuhi, kaona mshale kwenye moja, kasoma alivyozoea: saa saba mchana! Katoka mbio, shati nje ndani, bila kunawa uso. Kafika kibandani, mtaa mzima ndio kwanza unapiga mswaki. Jioni karudi na wembe mkononi. Wa kazini, natumaini.

Dada kaamuru saa hiyo ihamie chumbani kwangu. Sebuleni katundika nyingine, mishale mahali pake. Yangu nimeiacha vilevile. Fundi hakosoi kazi yake.

Ijumaa, tarehe 7

Kumi kwa kumi! Kafaulu! Nimemrusha juu mpaka Dada kapiga kelele.

Kaulizwa kafanyaje. Kasema saa ya Mjomba kila mara iko upande wa pili wa saa ya sebuleni. Basi darasani kaangalia mshale ulipo, kasoma namba inayotazamana nao. Dada kasema nimefundisha kwa kukosea. Sawa, lakini nimefundisha!

Kesho saa kumi kamili jioni tunakaa sebuleni, Mwalimu Mstaafu akiwepo, nikabidhiwe ufunguo rasmi. Shemeji kaongeza sharti: nikichelewa, chumba si changu. Nimechekea moyoni. Mimi, mtaalamu wa saa, nichelewe? Usingizi wenyewe umekataa kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 8

Kwa kuwa sikulala, baada ya chai ya asubuhi nikajinyoosha kidogo. Chumba changu hakina dirisha, kinafaa sana kwa kazi hiyo.

Chiriku kaja kunitikisa. Kasema naitwa, saa kumi imefika, watu wamekaa. Nikafungua jicho moja. Mshale kwenye kumi. Nikamwambia, mpwa wangu, hiyo ni saa nne asubuhi, ya darasani umeshayasahau? Kasema lakini Mjomba, hii si ndiyo ile saa uliyoisogeza? Nikamwonya asibishane na mwalimu wake, nikageukia ukutani.

Mwalimu Mstaafu alikuwa kafika dakika kumi kabla. Ufunguo kapewa yeye.

Jumapili, tarehe 9

Naandika nikiwa stoo, kati ya ndoo na baiskeli mbovu. Imeniuma, sitaki kudanganya. Nilikipenda chumba kile, hata unyevu wake. Dada kasema nina wiki mbili za kuhama.

Lakini nani kamfaulisha mtoto? Mimi! Asubuhi nimebandika tangazo getini: Mtaalamu wa Saa, somo la kwanza leo saa tisa alasiri, msichelewe. Nikatundika saa yangu juu ya ndoo, nikajilaza kuwasubiri wanafunzi.

Chiriku kaja kuniamsha. Kasema watoto watatu wamegonga, wamechoka, wamehamia kwa Mwalimu Mstaafu. Nimetazama ukutani. Mshale kwenye tisa: saa tatu asubuhi! Wamewahi kwa masaa sita mazima. Watoto wa siku hizi, saa hawajui kabisa. Narudi kulala, wakija saa tisa wanikute na nguvu.