Jarida la Mzee Ottavio

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Lockdown ya korona inaendelea. Nimekwenda Quakers Hill, pembeni mwa Sydney, kumwogesha Mzee Ottavio, Mwitaliano ninayemhudumia. Leo kaniacha mdomo wazi. Kumbe huyu ninayemkata kucha aliwahi kuwa mhariri! Baada ya Vita Vikuu vya Pili, yeye na wenzake walitoa jarida la siasa kule Torino. Halikumaliza mwaka. Nakala zimo kabatini, chini ya mataulo.

Nimewaza njia nzima. Jumapili chama chetu cha Wakenya kinachagua mwenyekiti kwa Zoom. Muriuki kang'ang'ania kiti hicho tangu nije Sydney. Mimi nagombea, na hakuna anayenijua. Je, nikiwa na jarida?

Jumatano, 11 Agosti

Mzee alisinzia baada ya chakula. Nikatoa nakala moja kabatini, nikaipiga picha makala yenye kichwa kikubwa kuliko zote, ukurasa wa kwanza. Simu ikanitafsiria. Maneno mazito: watu waliochoka hawahitaji kura, wanahitaji mtu mmoja imara. Mwili ukanisisimka. Mtu mmoja imara ni mimi hasa. Nimefuta Torino, nikaandika Sydney. Chini: Kalume, Mhariri Mkuu. Nimewatumia wanachama wote.

Verdiane, Mkongomani ninayepokezana naye shifti, nilipomwonyesha ameuliza kama niliisoma makala mpaka mwisho. Wivu tu.

Jumapili, 15 Agosti

Muriuki alifungua mkutano kwa kuisoma makala yangu, polepole, kama Injili. Kisha akasema, "Ndugu zangu, hata mpinzani wangu Kalume anasema tusipige kura. Na mtu imara mnaye tayari." Nikajaribu kusema. Maikrofoni yangu ilikuwa imezimwa. Watu wakapiga makofi. Uchaguzi umeahirishwa mpaka yeye atakapoona inafaa. Nimemkalisha kitini mimi mwenyewe.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimemsimulia Mzee, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Yale si maneno yangu," akasema. "Ni ya watu waliomuua kaka yangu. Niliyanukuu ili niyajibu. Jibu liko ukurasa wa pili."

Akasema ndivyo jarida lilivyokufa: watu waliupenda ukurasa wa kwanza, hawakufunua wa pili. Akanitaka nimsomee wa pili kwa sauti, kwa Kiitaliano nisichokijua. Nimesoma, yeye akinisahihisha neno kwa neno, hadi chai ikapoa. Mwishoni akanishika mkono. Nimelia kidogo ndani ya barakoa.

Jumatano, 18 Agosti

Mimi ni mtu mpya. Siasa basi.

Ila Verdiane anasema kwaya yao inatafuta wimbo, na mtunzi atatangazwa mbele ya kanisa zima siku milango itakapofunguliwa baada ya lockdown. Kwa Mzee kuna kitabu cha mashairi. Ubeti wa kwanza una nuru na malaika. Nimeutuma tayari, jina langu chini. Beti nyingine sikuzihitaji.