Tatizo la Mama Povu Lisiguswe

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba Shirika letu la Maji liliamua kuamua. Yapo mashirika yanayokurupuka na kuamua moja kwa moja, bila kuamua kwanza kama yataamua. Sisi hatukulelewa hivyo. Mimi ndiye Katibu wa Kamati iliyosimamia jambo hili, kwa hiyo ninayoyasema nayasema kwa mamlaka, na anayebisha aje ofisini ajiandikishe dirishani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wateja walikuwa wanalalamika kupita kiasi. Walijaa ukumbi wa chini, wakakalia benchi letu mpaka likabonyea, wakawasumbua makarani kwa maswali ya maji wakati makarani wako kazini. Mkurugenzi Mkuu, mtu mwenye maono, alisikia kwenye warsha kwamba siku hizi kuna akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayoweza kumjibu mteja yenyewe, bila kuchoka na bila kwenda chai. Alirudi kutoka huko amewaka. Swali likawa moja tu: tuitengeneze wenyewe, au tukainunue iliyokwisha kutengenezwa?

"Tusikurupuke," alisema Mkurugenzi. "Tukae kwanza."

Tukakaa. Kamati ikagawanyika papo hapo, jambo linaloonyesha afya ya kamati. Upande wa kutengeneza uliongozwa na Mkuu wa Kompyuta, ambaye idara yake ilikuwa na chumba kimoja, feni moja, na waya nyingi zisizojulikana zinakwenda wapi. Hoja yake ilikuwa kwamba akili ya kununua haiwezi kuwa na uchungu na shirika. Upande wa kununua uliongozwa na Bwana Manunuzi, mtu wa suti na manukato, aliyesema kwamba hata shati alilovaa Mkuu wa Kompyuta hakulifuma mwenyewe.

"Basi kanunue na ubongo," Mkuu wa Kompyuta akamwambia.

"Nitanunua. Tena wenye dhamana. Wako ukiharibika utaupeleka kwa nani?"

Niliyaandika hayo yote chini ya kichwa "Kubadilishana Uzoefu".

Baada ya hapo tulifunga safari kwenda kuwaona wenzetu waliokwisha kuamua. Wa kwanza walikuwa wametengeneza, wakajuta. Wa pili walikuwa wamenunua, nao wakajuta. Tulirudi na picha za pamoja, mabegi yenye nembo, na imani kubwa kwamba uamuzi wowote ungekuwa sahihi. Ndipo Mkurugenzi akatoa wazo ambalo mpaka leo namwonea wivu. Alisema kila upande ulete mtambo wake, mitambo yote miwili ipewe tatizo moja la mteja mmoja, na utakaolitatua vizuri ndio utakaoajiriwa. Lakini mtambo hauwezi kupimwa kwa tatizo la kubuni. Lilihitajika tatizo hai, bichi, ambalo halijaguswa na mtu.

Tatizo hilo tulilipata palepale benchini, kwa Mama Povu.

Mama Povu ni mwanamke wa makamo mwenye kibanda cha kufulia nguo nyuma ya soko. Yeye na wifi yake walikuwa wanafua mashuka ya gesti moja kubwa, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inawaweka mjini. Mkata maji wetu alikuwa ametumwa kufunga koki ya duka la jirani lililokwisha kufungwa. Akakosea, akafunga ya Mama Povu. Duka lisilo na mtu likabaki na maji, dobi akabaki mkavu. Kosa halikuwa na utata wowote. Karani alilijua, mlinzi alilijua, mimi nililijua, na Mkurugenzi alipoambiwa alicheka sana.

"Kaka Katibu," Mama Povu aliniambia, "mimi siombi cha bure. Nifungulieni koki yangu tu. Mwenye gesti ameshasema, mashuka yakichelewa tena anampa dobi mwingine. Mimi na wifi yangu tunabeba madumu kutoka kisima cha shule, mpaka mabega yamechubuka."

"Mama, hongera," nikamjibu. "Tatizo lako limeteuliwa."

"Limeteuliwa kufanya nini?"

"Kubaki."

Akachukua dumu lake, akatoka. Wananchi wengi hawajazoea habari njema.

Mtu wa kwanza kuhatarisha mradi alikuwa fundi bomba wetu. Nilimkuta kwenye korido na spana mkononi, anaelekea sokoni kwa hiari yake mwenyewe. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kumfungulia yule mama, bosi. Kitu chenyewe ni kuzungusha tu. Chai yangu nimeiacha mezani, narudi bado ya moto."

"Ukishamfungulia, mitambo tutaishindanisha kwa kitu gani?"

"Si mtachukua shida nyingine? Zimejaa tele hapo benchini."

"Hizo hazijathibitishwa."

"Na ya mama imethibitishwa na nani?"

"Na Kamati."

"Basi Kamati ikambebee madumu," akasema fundi, akarudi kwenye chai yake akisonya.

Ilibidi tuchukue hatua. Niliandika waraka, na nitauweka hapa wote kwa sababu ni mfupi na, nikiruhusiwa kujisifu, ni mzuri: "Tatizo lolote lililoteuliwa kuwa mfano wa majaribio lisiguswe, lisitatuliwe wala lisipunguzwe makali mpaka Kamati itakapofikia uamuzi." Mkurugenzi akatia sahihi. Tukamweka mlinzi kando ya koki ya Mama Povu, tukampa kiti na mwavuli asije akaungua na jua.

Mama Povu aliendelea kuja. Kwanza alikuja kusema kwamba gesti imempa dobi mwingine nusu ya mashuka. Kisha akaja kusema kwamba wifi yake ameshindwa, amefungasha nguo zake na kurudi kwao. Kila alipokuja nilimkaribisha kiti, nikaandika. Kwenye ripoti ya maendeleo nilieleza kuwa tatizo linakomaa vizuri na kwamba ubora wake umezidi matarajio ya Kamati.

"Kaka," aliniuliza siku moja, "wewe nyumbani kwako maji yanatoka?"

"Yanatoka, mama. Tunamshukuru Mungu."

"Mshukuru sana," akasema, akaondoka bila kuaga.

Wakati huo mitambo ilikuwa inasomeshwa. Akili mnemba, kama nilivyoelezwa, haizaliwi na maarifa. Huwa inalishwa maandishi ya wakubwa wake, inayasoma, halafu inajibu kwa kuyafuata. Kwa ajili ya haki na usawa nilizipa pande zote mbili chakula kilekile: kila barua ambayo Mkurugenzi aliwahi kumjibu mteja. Mkuu wa Kompyuta akajifungia na feni yake. Bwana Manunuzi akaleta mtambo wa kampuni moja, kwa majaribio ya bure, ukiambatana na kijana mmoja wa viatu vyembamba aliyekuwa anasema "suluhisho" kila alipopumua.

Siku ya shindano ukumbi wa mikutano ulipambwa kwa vitambaa. Alikuja Mwenyekiti wa Bodi mwenyewe, mama aliyewahi kuendesha kiwanda cha sabuni na ambaye hacheki ovyo. Mama Povu aliketishwa mbele, karibu na maua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na tatizo. Fundi bomba aliitwa asimame mlangoni ili mshindi akitoa maelekezo yatekelezwe.

Mama Povu akaongea mbele ya mtambo wa kwanza, ule wa kwetu. Sauti yake haikuwa na shida. Alikuwa amekwisha kuyasema mara nyingi.

"Maji yangu yamefungwa kwa makosa. Naomba mnifungulie."

Mtambo ukafikiri kidogo, kisha ukajibu: "Ndugu Mteja, malalamiko yako yamepokelewa kwa uzito unaostahili. Suala lako linashughulikiwa. Mkurugenzi yuko kikaoni. Tafadhali rudi wiki ijayo."

Makofi yalilipuka. Mkuu wa Kompyuta akafuta machozi. Kisha ukaulizwa mtambo wa kununua, nao ukajibu kwa sauti tamu ya kike: "Ndugu Mteja, malalamiko yako yamepokelewa kwa uzito unaostahili. Suala lako linashughulikiwa. Mkurugenzi yuko kikaoni. Tafadhali rudi wiki ijayo."

"Wezi!" Mkuu wa Kompyuta akapiga kelele.

"Mwizi wewe!" Bwana Manunuzi akajibu, na kijana wa viatu vyembamba akasema suluhisho.

Mwenyekiti wa Bodi aliinua mkono, wote wakanyamaza. "Haya majibu yametoka wapi?"

Mkurugenzi akasimama, uso unang'aa. "Kwangu, mheshimiwa. Mitambo yote miwili imesomeshwa kwa barua zangu."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, mheshimiwa. Hata mimi nimeshangaa."

"Kwa hiyo mteja akikuandikia, wewe ndivyo unavyomjibu."

"Ndivyo, mheshimiwa. Miaka yote."

"Na zaidi ya hapo unaongeza nini?"

Mkurugenzi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sahihi, mheshimiwa."

Mwenyekiti akamgeukia kijana. "Mtambo wako unaweza kutia sahihi?"

"Toleo la juu linatia, mheshimiwa," akasema Bwana Manunuzi haraka, kabla kijana hajapumua. Namfahamu Bwana Manunuzi, hakuwa na nia mbaya. Alinusa biashara tu.

Bodi ilikaa muda mfupi mno, jambo lililonisikitisha. Ilisema suala la kutengeneza au kununua liendelee kuchunguzwa na Kamati kwa kadiri Kamati itakavyopenda. Wakati tunaendelea kuchunguza, mtambo wa majaribio, ambao ulikuwa wa bure, ukae kwenye ofisi ya Mkurugenzi na kufanya kazi yake yote. Mkurugenzi apumzike. Arudishe na nyumba ya shirika.

Fundi bomba, ambaye hafahamu taratibu, alikwenda papo hapo kuuomba mtambo ruhusa ya kufungua koki. Ukamwambia Mkurugenzi yuko kikaoni. "Asante," akasema, akachukua spana yake. Mlinzi alipomuuliza nani kamruhusu, akamjibu kwamba mwenye kumkataza yuko kikaoni. Mlinzi akasogeza kiti. Jioni hiyo maji yalitoka kwa Mama Povu, na mfano wetu wa majaribio, tulioutunza kwa jasho, ukaharibika kabisa.

Kamati ilibaki na mitambo isiyo na tatizo. Kwa bahati nzuri Mkurugenzi, sasa Mstaafu, alihamia kwenye nyumba yake binafsi iliyokaa muda mrefu bila mtu, na koki ya huko ilikuwa imefungwa. Akaandika kuomba afunguliwe. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Mkuu wa Kompyuta na Bwana Manunuzi walikubaliana jambo: tatizo hilo lilikuwa hai, bichi, na la mtu mwenye hadhi. Likateuliwa. Waraka wangu ulikuwa bado una nguvu. Mlinzi akahamishwa na kiti chake na mwavuli.

Kuna jambo dogo sikulitaja. Nyumba yangu inapakana na ya Mstaafu, na bomba letu ni moja. Ili tatizo liwe kamili, koki ilifungwa mwanzo wa bomba, kabla ya nyumba zote mbili. Nimelalamika kwa mujibu wa taratibu. Nimejibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa, kwa lugha ambayo sikuweza kuipinga, maana nyingi ya barua zile za Mkurugenzi niliziandika mimi, yeye akatia sahihi tu.

Ndiyo maana sasa tunakwenda kwa Mama Povu, mimi na Mstaafu, kila mtu na ndoo yake. Siku hizi anauza maji pembeni ya kufua, na gesti imemrudishia mashuka yote. Wifi yake karudi, anaanika. Zamu yetu ilipofika mara ya kwanza, foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Mama Povu akashika bomba, akanitazama juu mpaka chini.

"Haya, kaka Katibu. Unanunua, au unajichimbia kisima chako?"

Nikafungua mdomo kusema nanunua. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Ungekuwa uamuzi wa kwanza katika utumishi wangu wote kufikiwa bila kikao.

Mstaafu akanishika mkono.

"Tusikurupuke, Katibu," akasema. "Tukae kwanza."

Mama Povu akafunga bomba. "Haya, kaeni kule," akasema, akatuonyesha benchi. "Anayefuata!"