Malalamiko ya Kuketishwa Saa Kumi na Saba Kando ya Mama Mkwe

Maurice Walubengo,
Fundi wa vitanda, Kawangware.
(Kwa sasa niko Texas, kwa shemeji.)

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Abiria,
Shirika la Ndege la Tai wa Ikweta,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na umekaa mbali na wakwe zako. Mimi si mzima sana, na sababu ni ndege yenu ya moja kwa moja.

Shemeji yangu Nelima amejifungua mapacha huku Texas. Akataka mama yake aje awaone, na mke wangu Mourine amsindikize, kwa kuwa Mama hakuwa amewahi kupanda ndege. Mourine akanyimwa viza. Mimi, niliyeomba kwa mzaha tu, nikapewa. Ndivyo nilivyojikuta nikimsindikiza Mama Nafuna, mama mkwe wangu, muuzaji wa mboga za kienyeji wa Mashimoni, Kibera.

Pengine huelewi uzito wa jambo hili. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali wakitazamana, wala hawaketi karibu. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani. Kawangware haina vichaka, kwa hiyo kwa miaka tisa nimekuwa nikiingia katika duka lolote lililo karibu. Siku moja niliingia saluni ya wanawake, nikatoka nimesukwa mistari miwili. Sikulalamika. Heshima ni heshima.

Nyinyi mkatuweka kiti 41A na 41B. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upana. Rula yangu ilichukuliwa na watu wa ukaguzi, kwa hiyo nilipima kwa mkono. Kati yangu na Mama kulikuwa na kipande cha kuegemea chenye upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu, Mheshimiwa! Na hata hivyo kila mmoja wetu alimwachia mwenzake kwa adabu, kikasafiri mpaka Marekani bila kuguswa na mkono wa mtu.

2. Kutosimama. Basi la kwenda Bungoma husimama Nakuru, watu wakanyoosha miguu na wakwe wakatawanyika. Nilimwuliza mhudumu wenu, dada mmoja anayeitwa Risper, sisi tungesimama wapi. Akasema, "Hatusimami. Hii ni direct mpaka huko." Nikamwuliza, hata kidogo? Akasema hata kidogo.

3. Jua. Mkwe mwenye adabu huaga jua likianza kushuka. Tuliondoka Nairobi saa nne asubuhi, tukaruka saa kumi na saba, tukatua saa moja jioni ya siku ileile, jua bado linawaka! Mmelifukuza jua mchana kutwa likakosa nafasi ya kutua. Sasa mimi ningeaga saa ngapi? Na ningeaga niende wapi?

4. Msalani. Mama alikuwa dirishani. Alijizuia kwa saa tano badala ya kuniomba nimpishe. Hatimaye akabonyeza kengele, Risper akaja.

"Dada, ambia huyu mtu anipishe," Mama akasema akiangalia mawingu.

Risper akanitazama. "Mama anasema umpishe."

"Mwambie Mama nimesikia, nasimama."

"Anasema amesikia, anasimama."

Tuliendelea hivyo. Mama akitaka kujua kama nimebeba pasipoti yake, kengele. Mimi nikitaka kumwambia kwamba mkanda wake umefunguka, kengele. Dada huyo alifanya kazi ya kutafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili, na ninapendekeza apandishwe cheo.

5. Kulala kwa wafanyakazi. Mnamo saa ya nane ya safari, Risper alituaga. Akasema safari ikiwa ndefu namna hii wahudumu hulala kwa zamu, kwamba kuna vitanda vyao mahali pa siri huko juu, na kwamba hata marubani ni wanne, wawili wakiendesha wawili wanalala. Kama fundi nilimwuliza vitanda hivyo ni vya mbao gani. Akasema amechoka. Aliyeshika zamu yake hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mkatuacha juu ya bahari bila mkalimani, saa nne nzima!

6. Sasa nafika kwenye kosa lenu kubwa kuliko yote.

Hatukuwa tumekula. Nitakulaje mbele ya Mama, na Mama atakulaje mbele yangu? Sinia za chakula zilikuja mara mbili, zikarudi mara mbili. Ilipofika saa ya tisa macho yangu yalianza kuona giza, na nadhani niliinamia kiti cha mbele. Nikasikia mfuko unafunguliwa.

"Walubengo."

Miaka tisa nimekuwa "huyu mtu". Niligeuka, nikamwona ameshika njugu karanga, mkono umejaa.

"Kula. Ukikufa hapa juu, Mourine nitamwambia nini?"

Nikala. Naye akala. Tulitafuna tukitazamana mchana kweupe, Mheshimiwa, na hakuna mtu wenu aliyekuja kutuzuia.

Mtu akishaanza kuongea baada ya miaka tisa, hasimami. Akasema, "Na kile kitanda."

Nilipomwoa Mourine nilimtengenezea Mama kitanda cha mvule kwa mikono yangu. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote.

"Kilivunjika siku ya pili," akasema.

Nilitafuna njugu moja kwa muda ambao ndege yenu huvuka nchi nzima.

"Niliona haya kukuambia," akaendelea. "Na ningeambia Mourine, angekuambia tu. Nikanyamaza."

"Mama, kwani umekuwa ukilala wapi?"

"Chini."

Miaka tisa! Kila tulipokwenda Mashimoni, Mourine na mimi, Mama alituwekea viti nje ya mlango. Mimi nilitangazia Kawangware yote kwamba mama mkwe wangu ana maringo, hataki niingie kwake. Kumbe alikuwa akinifichia aibu yangu. Nililia, na sioni haya kuliandika. Mama alinipa kitambaa chenu cha karatasi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka bwana wa 41C akavua vidude vyake vya masikioni kutaka kujua kuna nini. Baadaye akasinzia begani mwangu, mdomo wazi. Sikuusogeza mkono mpaka tulipotua. Hata kalamu hii naishika kwa taabu.

Kwa sababu hizo, naomba:

(a) Ukuta kati ya 41A na 41B. Niko tayari kuutengeneza, mradi usiwe wa mvule.

(b) Ndege isimame kila baada ya saa tatu. Jinsi ya kusimama baharini ni kazi ya wataalamu wenu.

(c) Kila safari iwe na mzee wa ukoo na mbuzi wa utakaso, naye mbuzi apewe mkanda.

(d) Barua yenye mhuri, itakayosema kwamba fundi hawezi kuhukumiwa Kawangware kwa maneno yaliyosemwa nje ya anga ya Kenya.

Wasalimie marubani wote wanne, walio macho na waliolala. Msalimie Risper. Isalimie familia yako, na mama mkwe wako umsalimie kwa mbali.

Ni mimi niliyebanwa, lakini mwenye heshima,

Maurice Walubengo.

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha, Nelima ameleta tiketi zetu za kurudi. Kwa kutuonea huruma amelipia zaidi tutenganishwe: mimi mstari wa kumi, Mama mstari wa thelathini na tisa. Mama amekasirika sana. Amesema, "Saa kumi na saba zote hizo nitaongea na nani?" Kwa hiyo naomba barua hii uichane, uturudishe pamoja, na umwombe rubani asiharakishe. Mama ananisimulia maisha yake tangu utotoni. Tumefika mwaka wa 1987, na Mourine bado hajazaliwa.